Mshale wa Maharagwe

Hadi leo nasema mshale ule ulikuwa mzuri. Ulianzia Kiwanja, ukapita Kibati, ukaishia Goma, mnene na mwekundu, kwa sababu maharagwe ya mama yangu ni mekundu. Au walitaka niuchore wa buluu, kana kwamba tunauza samaki?

Ulikuwa mwaka uliofuata mlipuko wa volkano. Lava ilikuwa imemeza ghala la mama na wenzake, na mnunuzi wao wa Bukavu akaacha kuagiza, akiamini Goma hakuna tena kitu cha kununua. Mama hakuwa na mnunuzi mwingine. Aliniomba nimwonyeshe yule bwana kwamba magari bado yanashuka. Basi nikatengeneza ripoti ya mtandaoni niliyoionea fahari kuliko diploma yangu. Ukigusa neno "njia", unafunguka ukurasa wa njia; ukigusa "mavuno", unapelekwa shambani. Na kurasa hizohizo, ukizirusha ukutani kwa projekta, zinakuwa slaidi. Sasa slaidi haitaki maneno mengi. Kwa hiyo kwenye ukurasa wa njia niliweka ramani, mshale, na maneno haya tu: "Kiwanja, Kibati, Goma. Kabla ya saa sita."

Asubuhi nikaituma kwa mnunuzi na kwenye kikundi cha simu cha akina mama wauzaji. Mmoja wao akaupiga picha ukurasa huo peke yake, akausambaza. Siku hizo waasi walikuwa kwenye vilima vya Rutshuru, upande huohuo wa Kiwanja, na mji mzima ulikuwa unangoja habari mbaya. Haikuchukua muda, mtaa wa Mabanga ukaanza kufunga maduka. Nikampigia mama. Alikuwa ameshafika mpakani, godoro lililofungwa kamba kichwani, na akaniamuru niache kompyuta nikimbie. Mama yangu alikuwa anayakimbia maharagwe yake mwenyewe.

Nilipanda pikipiki, njia nzima nikiwatukana wote wasiojua kusoma ripoti mpaka mwisho. Nilimkuta kwenye foleni ya wanaovuka. Nikamfungulia ripoti yote kwenye simu, nikagusa hapa na pale, magunia yakatokea, kisha akatokea yeye mwenyewe, anatabasamu mbele ya mizani. Watu wa foleni wakainama kutazama. Mmoja akaangua kicheko, wengine wakafuata, hata askari. Mama hakucheka.

"Ni wewe ulichora hii?" aliniuliza.

"Ni maharagi, mama."

"Na sisi tungejua namna gani?"

Namshukuru Mungu kwamba simu iliita. Alikuwa mnunuzi. Shemeji yake alikuwa amemtumia ile picha, naye alitaka kujua ni nani anaingia Goma. Mama akaninyang'anya simu.

"Papa, ni maharagi yetu," alimwambia yule bwana. "Kama Goma yote inaikimbia, ujue inafika kweli."

Mnunuzi alicheka mpaka akakohoa, kisha akaagiza lori moja la kujaribia. Nilifurahi kama mtoto. Nikamtua mama godoro, nikalibeba mimi hadi nyumbani, njiani nikimweleza kwamba ripoti yangu imefanya kazi kwa namna yake. Tulipofika nikachukua kisu nikate kamba, nilirudishe godoro kitandani. Mama akanishika mkono, bila hasira yoyote.

"Iache vile," alisema. "Leo ilikuwa maharagi."