Msamaha wa Kimatira

Kazi yangu ni kutazama mayai ya kimatira, yule kunguni anayefyonza kahawa. Nataka kujua mdomo wake wa mrija unaanzaje ndani ya yai, maana mbawakavu, ndugu yake wa mbali, huanza na vinundu vilevile, ila kwake vinageuka mataya. Ni kazi tamu, lakini hebu jaribu kumweleza baba anayelima kahawa kwenye miteremko ya Meru.

Msimu uliopita kunguni niliokuwa nikiwafuga chumbani kwangu Kimandolu walikufa wote. Bila mayai mapya, shahada yangu ilikuwa inaota mbawa. Nikakimbilia nyumbani.

"Shikamoo baba. Naomba mti mmoja wa kahawa usipigwe dawa."

"Marahaba. Yaani niwafugie wadudu shambani kwangu, ndiyo masomo hayo?"

Alikataa katakata, nikakasirika hadi nikasusa chai. Mama ndiye aliyeninong'oneza jikoni: chukua isale. Sisi ni Wachaga, hata kama tulihamia huku kwa Wameru, na mtu akikuletea jani la isale kuomba msamaha, huwezi kumkatalia. Ni jani la ugomvi mkubwa, la ndugu waliotaka kutoana roho. Mimi nikampelekea baba kwa niaba ya kunguni.

Baba alilitazama jani, akamtazama mama, akajua amepatikana. Alilipokea huku amenuna, na Jumamosi alipopiga dawa aliuruka mti mmoja. Kanisani walimcheka sana.

Nilipopata mayai niliweka hadubini barazani, nikamwita. Alichungulia kwa muda mrefu. Ndani ya yai, mtoto wa kimatira alikuwa na macho mekundu tayari, na miguu ilikuwa inacheza.

"Huyu yuko hai," baba alisema, sauti imelainika. Nilifurahi kupita kiasi. Hatimaye alikuwa ameiona kazi yangu. "Sasa ukishamtazama, anakwenda wapi?"

"Namtia kwenye kemikali, baba. Lazima afe kwanza, ndipo nimpasue nione mdomo ulivyojipanga."

Akaondoa jicho kwenye hadubini. "Kumbe mimi nimemsamehe ili umuue wewe!"

Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka naye. Kisha akaingia ndani, nikabaki na chupa ya kemikali mkononi, nikashindwa kuifungua.