Mamkubwa na Sampuli Namba Kumi na Nne

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, mamkubwa huziba jicho moja kwa kiganja na kusoma kalenda ya ukutani, kisha huziba la pili na kuisoma tena. Zamani nilidhani anahesabu siku za likizo. Kumbe anaangalia kama tarehe zote zipo. Siku ambayo mbili tatu zimemezwa na kitu kinachometameta, anajua kipandauso kiko njiani. Adhuhuri itamkuta kitandani, pazia limefungwa, kitambaa cha maji usoni. Wageni au watu wa kazini wakiuliza, tunasema amechoka.

Kazi yake ilikuwa kukata. Kwenye maabara ya utafiti wa maumivu ya kichwa, vipande vya ngozi ya kisogo, vidogo kama punje ya mchele, vinagandishwa ndani ya nta. Yeye anavikata vyembamba hata unaona ng'ambo, anavilaza juu ya kioo, daktari anavitazama kwa darubini. Miaka kumi na tisa. Wenzake walimwita Wembe. Sheria ya pale ni kwamba mwenye kipandauso hashiki kisu kile, maana macho yakipotea, vidole navyo vinakwenda.

Daktari alitaka kujua kama mishipa ya fahamu ya wenye kipandauso ina tofauti na ya wazima. Wagonjwa walijitolea wengi. Wazima walikimbia, nani akatwe kisogo na haumwi? Wakapatikana saba tu.

"Wembe, unakata visogo vya wenzako," muosha vioo alimtania mbele ya watu, "chako kina dhahabu?"

Watu wakacheka, na mamkubwa akakubali kukatwa kipande cha kisogo chake. Fomu iliuliza kama huumwa kichwa mara kwa mara. Akaandika hapana. Angeandika nini, na kisu ndiyo maisha yake? Akawa namba kumi na nne. Namba zinachanganywa, majina hayaandikwi.

Juzijuzi nilimpelekea chakula, nikakaa kwenye benchi la mlangoni. Daktari akamjia mamkubwa na karatasi.

"Dada, huyu kumi na nne ananivuruga. Mzima, lakini mishipa yake ni ile ile ya wagonjwa. Wazima wenyewe wanane. Akibaki, siwezi kusema nimeona tofauti." Akashusha sauti. "Au ulikata vibaya? Sema tu, tumtoe, yaishe."

Mamkubwa akaipokea karatasi. Angeitikia tu, siku ingepita kama nyingine.

"Wembe akikosea, mimi nahama mji!" muosha vioo akadakia kutoka kwenye karo la kuoshea.

"Sikukosea," mamkubwa akasema. "Kimekatwa sawasawa. Ni changu, daktari. Kichwa kinaniuma tangu usichana wangu."

"Kwa hiyo kumi na nne ni mgonjwa!" Daktari alitabasamu kabisa. Kisha akakumbuka anaongea na nani, tabasamu likamfia mdomoni. "Dada... kisu sitaweza kukuachia. Lakini mapokezi kuna kiti."

"Mapokezi nimkate nani?"

Muosha vioo hakucheka. Mamkubwa akaufuta wembe, akaufunika, akavua koti jeupe na kulikunja.

"Kumi na tano bado iko kwenye barafu," akamwambia daktari. "Msiikate ikiwa na joto, itachanika."

Akanigusa bega, akanipita, akatoka. Wamempigia simu mara mbili. Hajakanyaga pale tena.