Mwanaume Kulishwa Njahi

Nitaanza na shangazi yangu, kwa sababu bado yuko hai na bado anaongea.

Ni dada mkubwa wa marehemu baba, na wakati huo alikuwa mwenyekiti wa akina mama wa kanisa pale Gakindu. Hakuna mtu aliyekuwa akimkatalia kitu. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yangu kugeuza kahawa kwenye meza za kuanikia kiwandani. Nilipotoka wodini Nyeri nikiwa na tumbo lililoshonwa kutoka juu ya kitovu hadi chini, shangazi ndiye aliyewatangazia watu ninaugua nini. Saratani ya utumbo hakuitaja. Alisema, "Kijana amepasuliwa."

Sasa, kwetu anayepasuliwa tumbo ni mwanamke wa kujifungua, na chakula chake kinajulikana. Ni njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, yaliyochemshwa na kupondwa pamoja na ndizi, ili mzazi arudishe damu. Shangazi hakuona sababu ya kubadilisha. Tumbo limekatwa, damu imemwagika, basi njahi.

Lakini si yeye aliyeanza kuniharibia. Aliyeanza ni mwenye duka la dawa pale sokoni. Mwaka mzima nikienda chooni natoka damu, na mwaka mzima akiniuzia dawa ya bawasiri. Siku moja nilimuuliza kama inaweza kuwa ile nyingine.

"Ile ni ya wazee," akasema. "Wewe kunywa maji, uwache kukaa kwa mawe."

Niliacha kukaa kwa mawe. Huyo amekufa, na kwa mazishi yake sikuenda.

Baada ya kupasuliwa, daktari alisema nitawekewa dawa kwa dripu mara kadhaa, niende kliniki, nirudi nyumbani, niende tena, ili imalize mabaki ya ugonjwa. Nesi wa kliniki aliona hiyo karatasi yao ya maelezo nimeikunja nikaiweka mfukoni bila kuiangalia, akajua shule yangu iliishia wapi. Akanieleza kwa mdomo.

"Utumbo wako ni kama mpira wa maji uliokatwa ukaungwa. Usipitishe maganda kwanza. Kula wali mweupe, viazi vya kuponda, mayai, kuku bila ngozi, ndizi iliyoiva. Kidogo kidogo, mara nyingi. Maharagwe na githeri wacha mpaka nikuambie. Na usikonde. Ukikonda zaidi ya hapa, au ukija ukiwa mgonjwa, daktari hatakuwekea dripu. Atakurudisha nyumbani."

Nilielewa vizuri sana. Bila kula, hakuna dripu. Bila dripu, ile kitu inarudi.

Jumamosi akina mama wakaja na viondo vya njahi. Kwetu mgonjwa hasalimiwi tu, anatazamwa akila. Wanakaa, wanaimba, wanaomba, halafu sahani inawekwa mbele yako na hakuna anayeinuka mpaka iwe tupu. Nilimwangalia mama yangu. Yeye ni wa pili katika hesabu yangu ya walioniharibia pale nyumbani, baada ya shangazi, kwa sababu alikuwa na mdomo na alijua nesi alisema nini.

"Kula kidogo tu," akaninong'onezea. "Usinitie aibu."

Nikala. Usiku tumbo likafura kama ngoma, nikaanza kutapika. Nikarudishwa wodini, nikawekwa mpira puani. Dripu ikaahirishwa. Nesi akaja kuniangalia.

"Ulikula nini?"

"Njahi."

"Nani alikupa?"

"Akina mama wa kanisa."

"Ulijifungua nini?"

Nilirudi nyumbani suruali ikishikwa na kamba.

Shangazi aliniangalia kutoka mlangoni. "Mmeona? Ile njahi ilikuwa kidogo."

"Tata, nesi amekataza," nikamwambia. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi.

"Huyo nesi amezaa?"

"Sijamuuliza."

"Muulize."

Vijana wa rika langu hawakuja. Walisikia ugonjwa uko kwa matumbo, wakaogopa hata kushika mlango. Alikuja mmoja tu, tuliyekuwa tukigeuza kahawa naye, na alikuja kunicheka.

"Mzazi, umeamkaje? Mtoto ananyonya?"

Kando ya kitanda kulikuwa na sahani ya njahi. Akaiangalia. Alikuwa kapera anayeishi kwa chai.

"Hiyo unaacha?"

Akaimaliza akiwa amesimama. Mama alipoingia, akaona sahani tupu na uso wake ukafunguka. Ndipo nikaona njia.

Kuanzia hapo, akina mama wakija, nilisema nikikaa mshono unavuta, wacha nile nikiwa kitandani. Nilibeba sahani nyuma ya pazia la kitanda, na nyuma ya pazia alikuwa yule mwenzangu wa kahawa. Upande ule waliimba, upande huu alitafuna. Nilirudisha sahani safi, wakashukuru Mungu. Wakiondoka, alinipikia viazi na mayai kwa stovu yake ya mafuta ya taa. Viazi vilikuwa na madonge, lakini kilo zilirudi na dripu ikaanza. Dawa ilipoanza kunichoma mdomo, alingoja chakula kipoe kwanza. Ilipofanya vidole vyangu vikatae maji ya baridi, alinicheka mpaka akakohoa, halafu akanichemshia ya kunawa. Hakuniambia nijikaze. Aliniuliza kama nitakufa. Nikamwambia sijui. Akasema basi nimwachie viatu vyangu vya mpira, zile gambuti.

Ikabaki dripu ya mwisho. Siku moja kabla, shangazi alikuja peke yake, hakuimba, akafungua pazia. Mimi nilikuwa na viazi vyangu. Mwenzangu alikuwa na mdomo mweusi.

"Na wewe," shangazi akamwambia, "umepasuliwa wapi?"

"Bado, tata. Najitayarisha."

Shangazi akanipokonya sahani ya viazi, akanisukumia ile ya njahi, akasimama pale kungoja. Nilimwita mama. Alikuja, akaangalia sahani mbili, akaniangalia mimi. Halafu akachukua viazi kutoka mkono wa wifi yake, akanirudishia.

"Wacha wale vile wanakula," akasema.

Ni hayo tu alisema, na aliyasema amechelewa. Lakini nayahesabu.

Kesho yake nesi alinipandisha kwenye mizani, akasoma, akasogea akasoma tena. Akaniambia nikae, akatafuta mshipa.

Kanisa lilifanya shukrani. Shangazi alishuhudia mbele ya watu wote ati ni njahi iliyoniinua, na mpaka leo anasema hivyo kila anaposikia mtu amepasuliwa. Walipakua sufuria nzima. Mwenzangu alikuwa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa amenenepa, shati halifungi.

Alipopita na sahani yake aliniuliza kuhusu gambuti.

Nilikuwa nimezivaa.