Nundu ya Mguu wa Kushoto

Harufu ya dawa ya kafuri hunirudisha mpaka leo katika nyumba yetu ya Ixelles, mtaa wa Bruxelles, mama amepiga magoti akinisugua mguu wa kushoto, amenuna. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Pembeni, penye shina la kidole gumba, palikuwa pameota nundu nyekundu, na kidole chenyewe kilianza kuwalalia wenzake.

"Ni vile viatu vya Nadine," mama aliniambia. "Uliviiba, sasa ona."

Kweli niliviiba. Nadine, binti wa mama mkubwa, alikuwa na viatu vilivyochongoka mbele, nami nikavivaa kanisani Jumapili tatu bila ruhusa. Nikaamini nimejilemaza mwenyewe. Nilimwomba Nadine msamaha mbele ya watu wote wa nyumba, na mama akaniondoa kwenye kikundi cha watoto waliocheza dansi ibadani. Hilo liliniuma kuliko mguu.

Huko Woluwe, hospitalini, daktari, mwanamke mpole, aliita ile nundu oignon, yaani kitunguu, nikaogopa kwamba watanimenya. Alicheka, akaeleza kuwa mfupa umeanza kwenda upande. Maadamu bado nakua hawatanipasua, nivae tu viatu vipana vyenye soli laini ndani. Kisha akamuuliza mama kama yuko mwingine katika ukoo mwenye mguu kama huu.

"Hapana, docteur," mama alijibu, akitazama mkoba wake.

Wiki chache baadaye mama mkubwa alikuwa akinisuka katika saluni yake, kwenye maduka ya Galerie d'Ixelles. Nilikuwa nimevua viatu. Alitazama chini, akasema bila kuacha kusuka, "Hii ni miguu ya maman yako kabisa. Hakukuambiaka?"

Ndipo nilipotambua kwamba sijawahi kumwona mama bila soksi. Siku zote nilidhani ni baridi ya Bruxelles.

Nilipofika nyumbani nilimwomba azivue. Alikaa kitini, akazivua. Miguu yote miwili ilikuwa na nundu kubwa kuliko yangu, na vidole vimepandana.

"Bon," alisema. "Nilitaka ufikiri ni viatu. Viatu, muntu anaweza kuvua."

"Lakini uliniacha niombe msamaha."

Alivaa soksi, akaenda jikoni kusonga bukari, ugali wetu. Tangu siku hiyo sikumpa tena mguu wangu ausugue.

Nilipasuliwa nikiwa mtu mzima, nundu ilipoanza kuninyima usingizi. Daktari aliyenipasua alisema viatu vyembamba huizidisha tu. Mguu wa namna hiyo mara nyingi mtu huurithi. Nikiwa nimelala na mguu juu ya mto, nilielewa kwamba mama alikuwa akiona haya. Alipendelea binti yake awe mwizi kuliko yeye awe chanzo cha maumivu yangu. Nilimwambia nimemwelewa.

"Ningesema ukweli kwa docteur, na wewe uko pale," alisema, "ungenichukia."

Nilimchukia hata hivyo, utotoni, karibu mwaka mzima, na haikuwa kwa sababu ya mguu, bali kwa ule msamaha alioniacha niuombe. Hilo sijamwambia yeye. Nawaambia ninyi.