Ukurasa wa Sitini na Moja

Dada Haraka hakupewa jina hilo kwa sababu ya mwendo, ingawa hata mwendo wake ulikuwa kero. Alipewa kwa sababu hangoji mtu amalize sentensi. Ukianza kumwambia, "Jana nilikwenda kwa daktari, akaniambia..." yeye ameshakutajia alichosema daktari, na mara nyingi amepatia. Nimefanya naye kazi miaka kumi na moja kwenye duka la kuchapa na fotokopi, yeye kwenye kompyuta, mimi kwenye mashine, na sikumbuki hata siku moja niliyomaliza kumsimulia jambo langu mwenyewe.

Nyumbani kwake hali ni hiyohiyo. Binti yake huandikia insha za shule chooni, mlango umefungwa kwa komeo, maana akiacha moja mezani akaenda kunywa maji, akirudi anakuta mama yake amemwandikia hitimisho. Mumewe ni mtu mpole wa kurekebisha redio. Aliniambia siku moja, "Shemeji, mimi siku hizi naanza tu. Kumaliza ni kazi ya dada yako."

Duka letu lina meza mbili, benchi la wateja, feni inayolia na mashine ya kukatia karatasi ambayo hakuna anayeruhusiwa kuigusa isipokuwa mimi. Wengi huja na barua za kuomba kazi na vyeti vya kutoa nakala. Lakini wapo wanaokuja na hadithi. Sijui wanaambiana wapi, ila kila anayeandika kitabu katika mitaa yetu huishia kwa Dada Haraka, na kwa nini wasije? Wanachapiwa na kufundishwa kwa mpigo mmoja.

"Huyu bwana wako ana hasira," atamwambia mtu, vidole bado vinakimbia kwenye kibodi, "halafu unamfanya aseme 'nina hasira'. Nani anasema hivyo? Mtu mwenye hasira anatafuta ufunguo. Anautafuta na uko mkononi." Au: "Sura ya kwanza tupa. Hapa ulikuwa unajisafisha koo tu." Au: "Hawa wanaongea kurasa nne na hakuna aliyeshika kitu. Mpe mmoja wao kitunguu amenye." Watu wazima waliomaliza vyuo walikuwa wanatoa kalamu na kuandika maneno yake. Mimi nilikuwa nacheka, lakini ukweli ni kwamba hadithi ziliingia pale zikiwa zinaumwa na kutoka zikitembea.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hawezi kuona pengo akaliacha. Akikuta neno limefutika, analiweka. Akikuta sentensi imekatika, anaiunga, wala hasemi. Nilimwambia ipo siku ataunga kisichoungika. Akanijibu nitoe nakala zangu, niache makelele.

Mzee Mpima alikuja kwetu mwaka ule wa mvua nyingi. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mrefu, mjane, anayeishi peke yake nyumba ya nne baada ya kituo cha maji. Alileta faili nene lenye hadithi ya mume na mke, ameiandika kwa mkono, herufi ndogo zilizosimama wima. Na aliiandika nyuma ya fomu za zamani za upimaji alizobaki nazo kutoka ofisini. Upande mmoja fomu, visanduku vitupu na mistari michache. Upande wa pili hadithi.

"Wachapishaji wanapokea miswada iliyotumwa mpaka Ijumaa," alimwambia Dada Haraka. "Mimi naondoka leo, binti yangu anajifungua. Ukimaliza, funga, tuma. Nakuamini, mwanangu."

Dada Haraka alichapa siku tatu bila kumfundisha mtu. Nikajua hadithi imemshika. Mara moja tu aliinua kichwa akasema, "Huyu mke hapotezi neno. Kurasa hamsini, hajalalamika hata mara moja, na mimi nataka kulia." Ijumaa asubuhi akafika ukurasa wa sitini, akageuza, akakuta sitini na mbili.

Alipekua faili lote. Akatazama chini ya meza. Alimpigia Mzee simu mara sita, haipatikani. Kwenye sitini mke anamwita mumewe jikoni. Kwenye sitini na mbili mume amekaa kwenye benchi la hospitali. Katikati hakuna kitu. Posta inafungwa saa kumi na moja.

"Mzee ameusahau nyumbani," alisema.

"Sasa utafanyaje?"

Alikuwa ameshaanza kuandika.

Na mimi, mnisamehe, niliusoma ukurasa ule nikausifu. "Machozi yalimbubujika bibi yule, akamwangukia mumewe kifuani huku akilia kwa sauti, 'Ewe nuru ya macho yangu, nani atakutunza?'" Nilimwambia ameua. Tukafunga bahasha, nikaikimbiza posta mwenyewe.

Mzee aliporudi aliuliza jambo moja tu: "Imekwenda?" Dada Haraka akasema, "Imekwenda, Mzee." Hapo ndipo pa kusema, na hapo ndipo hakusema. Mzee alichukua faili lake na nakala yake, akatuonyesha picha ya mjukuu, akaondoka. Kwa miezi minne tulimsubiri agundue. Kila akipita nje ya duka Dada Haraka alikuwa anainuka, anakaa, anainuka tena, anapanga penseli ambazo zimeshapangwa. Nilimwambia amfuate akamwambie, yaishe. Akasema, "Wiki ijayo." Mwanamke asiyesubiri sentensi iishe, alijifunza kusubiri wiki ijayo.

Jibu la wachapishaji lilikuja kwa anwani ya duka. Mzee alikuwa ametuambia likija tulifungue tumpigie simu, kwa hiyo Dada Haraka alilifungua. Akalisoma amesimama, kisha akaniletea kwenye mashine.

Walitaka kukitoa kitabu. Walikisifu mpaka nikaona haya kwa niaba ya Mzee. Halafu: "Isipokuwa ukurasa wa sitini na moja, ambao unaonekana kuandikwa na mkono mwingine. Mke ambaye hajawahi kupoteza neno, hapa analia kama waigizaji. Tunaomba mwandishi aturudishie ukurasa wake wa asili ndani ya wiki tatu. Bila ukurasa huo hadithi haisimami, na hatutaweza kuendelea."

"Mkono mwingine," alisema Dada Haraka. Uso ulikuwa umemshuka. "Wameuona mkono wangu."

"Basi Mzee autafute nyumbani aulete."

"Na kama hakuusahau? Kama aliuleta, ukapotelea hapa?"

Ndipo nilipolikumbuka boksi langu. Niwaeleze kazi yangu. Karatasi iliyoharibika upande mmoja hatuitupi. Naikusanya, naikata vipande vinne, naviweka kwenye boksi, na mteja akiacha kazi namwandikia kipande: jina lake na siku ya kuja kuchukua. Nilikuwa najisifu kwa hilo. Na wiki ile ya faili la Mzee, feni ilikuwa inaangusha makaratasi, nikawa naokota kila kilichoko sakafuni. Fomu kuukuu yenye visanduku vitupu, imelala chali. Kwangu mimi hiyo ni karatasi ya taka, na karatasi ya taka lazima iwe na maandishi upande wa pili. Nani ageuze?

Nilimwaga boksi lote juu ya benchi. Chini kabisa kulikuwa na kipande kimoja chenye zile herufi zilizosimama wima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Sitawaficha, tulihangaika. Siku mbili hatukuchapa barua ya mtu. Dada Haraka alitoka mlango hadi mlango akiwauliza wateja kama wamehifadhi kikaratasi cha miezi minne iliyopita, na watu wakamtazama kwa huruma. Kipande cha pili kilikuwa kwa fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hutunga kila karatasi kwenye msumari. Cha tatu tulikikuta humuhumu dukani, nimekikunja kuzuia meza isicheze. Cha nne, cha chini upande wa kulia, hakikuonekana.

Siku ya tatu Mzee alikuja mwenyewe. Sikumsikia akiingia. Dada Haraka alisimama mbele yake na kumwambia yote, ukurasa, uongo, barua, boksi, kwa pumzi moja, kisha akasema, "Nimekukosea, Mzee, na nimekukosea miezi minne." Mimi nikasema, "Aliyekata ni mimi."

Mzee alitandika vipande vitatu juu ya kioo cha fotokopi. Nusu ya juu ilikuwa kamili. Nusu ya chini kila mstari uliishia katikati. Alisoma muda mrefu.

"Ulipoona haupo," alimuuliza Dada Haraka, "kwa nini hukuacha wazi?"

Dada Haraka alitazama kibodi yake.

"Aliyesema maneno haya si mhusika," alisema Mzee. "Ni mke wangu, asubuhi ile tulipokwenda hospitali. Niliyaandika siku tuliyomzika, nisiyabebe kichwani maisha yangu yote. Nikayaweka kwenye karatasi nikayaachia. Ndiyo maana hata nakala yako sikuisoma hapo. Sasa mmenikatia karatasi, na kichwani hayamo." Sauti yake ilipanda kwenye neno la mwisho, na mteja aliyekuwa kwenye benchi akatoka nje. Nimekaripiwa na wengi katika kazi hii, lakini sijawahi kuona aibu kama ile.

Nilimtazama Dada Haraka, nikasali kimoyomoyo asitoe wazo. Mistari ile ilikuwa inamwita. Nusu sentensi tano! Niliona midomo yake inacheza. Kisha akasema kitu ambacho sikuwahi kumsikia akimwambia mwandishi.

"Mzee, mimi sijui. Jikoni kwenu kukoje?"

Mzee alimwangalia. "Vitu viko vilevile. Sijahamisha hata kijiko."

Tulifunga duka mchana kweupe, tukaenda wote watatu. Jiko lilikuwa dogo, safi, dirisha moja, rafu za mbao alizopigilia mwenyewe na zilizonyooka sawasawa. Mzee alishika vile vipande vitatu nilivyovigandisha kwa gundi, Dada Haraka akashika daftari na penseli, mimi nikabaki mlangoni.

Nusu ya juu aliisoma bila kusita. Mke anamwambia aweke miwani chini, amfuate. "Njoo nikuonyeshe nyumba yako, maana wewe umepima ardhi ya watu na jiko lako hulijui." Mzee alicheka kidogo hapo, akapangusa pua.

Kisha mistari iliyokatika. "'Viberiti viko...'" Alisimama, akazungusha macho, akanyoosha mkono juu ya fremu ya dirisha. Vilikuwepo. "Juu ya dirisha, unyevu usivifikie," alisema, na Dada Haraka akaandika.

"'Ufunguo wa stoo usiutafute...'" Akausukuma mlango nilioegemea, nikaruka. Ulikuwa unaning'inia nyuma yake. "Usiutafute mfukoni mwangu, uko nyuma ya mlango."

"'Majani ya chai yamo kwenye kopo la...'" Biskuti. Alilishusha, akalifungua, akanusa.

"'Shati lako jeupe nime...'" Hapo alikwama. Hakukuwa na kabati la kufungua. Dada Haraka alikuwa ameshikilia penseli hewani. Nimelikunja, nimelipiga pasi, nimelishona. Hata mimi nilikuwa nayo matatu. Mzee akageuka taratibu akatazama beseni lililopachikwa ukutani. "Nimeliloweka," alisema. "Niliporudi peke yangu, lilikuwa bado kwenye maji."

Akalia. Alilia wima, mkono kwenye rafu, na sisi tukamwacha, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya mzee wa watu akilia jikoni kwake.

Ulibaki mstari mmoja, wa mwisho wa ukurasa. Aliusoma kwanza kwa macho, kisha kwa sauti: "'Na mimi nikichelewa, wewe...'"

Alitazama rafu. Alitazama dirisha, mlango, jiko. Alifungua droo, akaifunga. Alipita chumba cha pili tukasikia anafungua kabati la nguo, kisha akarudi. Alijaribu kuusema mstari ule haraka, labda ulimi ungemkumbusha, akarudia, akarudia tena. Niliona jasho. Nilitaka kupiga kelele kwamba amesema kula, amesema usinisubiri, amesema funga mlango ulale, lolote, jamani, apate kupumzika.

"Mwanangu," Mzee alimwambia Dada Haraka, akiwa amechoka kabisa, "wewe ni mjuzi wa haya. Umewamalizia wengi. Alisema nini?"

Hakuna mtu katika mji ule aliyejua kumalizia kuliko yeye, na safari hii alikuwa ameombwa. Nilimwona anafungua mdomo.

"Sijui, baba," alisema. "Sikuwepo."

Mzee alitikisa kichwa mara nyingi, polepole. Kisha akamwambia auchape hivyohivyo ulivyo.

Wachapishaji walipiga simu kuuliza kama mstari wa mwisho wa ukurasa wa sitini na moja umekatika kwa bahati mbaya. Dada Haraka ndiye aliyepokea. Alisikiliza mpaka yule mtu alipomaliza kabisa kusema, akasubiri kidogo, ndipo akajibu kwamba ndiyo, umekatika, na mwandishi anaomba wasiuguse.