Metrine na Sauti ya Kwanza

Metrine ana pengo la meno mawili mbele, na usiambiwe kwamba alianguka bafuni. Hayo ndiyo aliyomwambia madam wake. Mimi Damaris nilikuwepo, kwa hivyo nisikilize mimi.

Ilikuwa Jeddah, 2014. Tulikuwa wafanyakazi wa nyumbani mtaa wa Al-Nuzha, na Ijumaa aliyeruhusiwa kutoka alikimbilia mtaa wa Kandara, chumbani kwa walinzi Wakenya, tusali kwa siri, magodoro yameegemezwa mlangoni ili sauti isitoke. Kwaya ilikuwa ya wanaume wanane. Nyumbani walikuwa wameimba katika kanisa kuu letu, ambako kwaya ni ya wavulana na wanaume tu, basi wakaibeba sheria yao hadi Uarabuni. Sisi wanawake tuliwapikia chai tukanyamaza. Ilikuwa inanikera.

Sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, aliiimba Elphas, dereva mwenye shingo nene, akijibana koo. Lakini nyimbo zote Metrine alizijua. Mamake alikuwa akifua kanzu za kwaya hiyo, naye utotoni alikaa na beseni nyuma ya kanisa akishika noti za wavulana. Aliomba kuimba mara tatu. Justus, mwalimu wa kwaya, akamwambia kwaya haivai sketi.

Ijumaa moja Elphas alipanda juu, sauti ikakatika. Metrine, birika mkononi, akaimalizia noti. Safi kabisa. Wanaume wote wakageuka.

Elphas alimfuata akampiga ngumi ya mdomo. Metrine akaangukia vikombe. Elphas akamkanyaga mkono, akavua mshipi, akamchapa shingoni, tena shingoni, tena. Nilimpasulia thermos kichwani, chai moto ikamwagikia mabegani, na bado akanitupa ukutani kama gunia la vitunguu. Wale wengine wamesimama tu na vitabu vyao, mabwege wakubwa! Mwishowe Justus ndiye aliyemshika.

"Halas! Basi! Polisi watasikia."

Metrine akatema meno kiganjani, akayafunga kwenye leso. Damu ilikuwa imefika kifuani. Akainuka, akaenda kusimama mahali pa Elphas.

"Mwalimu, nipe noti."

Justus akampa. Metrine aliimba beti zote nne, maneno yakitoka vibaya kwa ule mdomo uliovimba, noti zikiwa sawa. Elphas alitoka na hakurudi tena, na mahali pale pakawa pa Metrine mpaka mkataba wake ulipoisha.

Siku hizi tuko nyumbani. Mwaka jana binti yake, Maryann, aliingia kwaya ya kanisa kuu lile lile, msichana wa kwanza. Baada ya mazoezi mamake alimngoja langoni, nami nikiwa naye, akamshika kidevu, akamfungua mdomo na kuangalia meno.

"Wamekupiga?"

"Wanipige kwa nini, Mama?"

Metrine aliketi kwenye ngazi za kanisa akalia kwa sauti, nami nikalia naye.