Wimbo Niliousikia Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini nilinakili kitabu kizima cha mashairi, jalada hadi jalada, nikaruka ukurasa mmoja tu: ule uliosema hairuhusiwi kunakili sehemu yoyote ya kitabu hiki bila idhini. Niliusoma kwa makini, nikautii. Nilidhani kinachokatazwa ni ukurasa wenyewe. Nikapanga nakala za darasa zima mezani, nikajisifu kimoyomoyo kwamba mtu akifika kidato cha nne anajua kufuata maagizo.

Naibu wa Mwalimu Mkuu aliingia, akafunua nakala moja.

"Huu ukurasa mwingine uko wapi?"

"Umekatazwa, mwalimu."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Alivuta kiti akaketi. "Kijana, hakimiliki maana yake aliyetunga ndiye wa kusema kazi yake inakiliwe au isinakiliwe. Wewe umembeba mtu na nyumba yake yote, ukamwachia kitasa."

Nakala zile zilichanwa, na mchanaji nilikuwa mimi.

Shule yenyewe iko hapa mtaani kwetu Umoja, na nikisema ukweli niliitaka kazi ile kwa sababu ningeweza kurudi nyumbani kula chakula cha mchana. Wenzangu walikwenda mbali kutafuta maisha. Mimi hata kuvuka barabara ya Outer Ring naona ni safari ya kuaga watu. Walionitangulia katika chumba cha nakala walitumia stensili, ile karatasi ya nta unayoitoboa kwa taipureta, ukaivisha mashine ya wino, ukazungusha kwa mkono. Ilichosha kiasi kwamba hakuna aliyewaza kunakili kitabu kizima. Fotokopi ndiyo iliyoleta tamaa.

Baadaye nilihamishiwa maktaba, chini ya Mkutubi, mama wa maneno machache na macho mengi. Yeye ndiye aliyenifundisha kile wanasheria wanachokiita matumizi ya haki: kwamba sheria inamruhusu mwalimu kuchukua dondoo, yaani kipande kifupi, akifundishie au akichambue, mradi amtaje mwenyewe. Walimu walikuja na vitabu vizima wakidai ni vya kufundishia. Mkutubi aliwauliza swali moja tu.

"Mtoto akishapata hii nakala yako, atakihitaji tena kitabu?"

"Hapana, madam."

"Basi hiyo si dondoo. Rudisha."

Nililishika swali hilo, nikalitumia hadi likanivimbisha kichwa. Nilipopelekwa chumba cha habari, ambako wanafunzi hurekodi na kuhariri filamu, mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria wote. Picha hii ni ya nani? Muziki huu umeombwa? Niliwaambia kwamba cha darasani ni kimoja, na filamu inayotoka nje ya lango la shule ni kingine. Wanafunzi waliniita Hakimu. Walidhani silijui jina hilo.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, msichana wa kidato cha tatu aitwaye Halima alitaka kutengeneza filamu ya kushindanishwa katika tamasha la filamu za shule. Hakuwa ameshika kamera kabla ya hapo, na mamake alikuwa amemwambia wazi kwamba akirudi mikono mitupu, mambo ya kamera yaishe. Nikampa mtu wa kumrekodi: jirani yangu Mzee Mutiso, mchongaji wa vigoda katika soko la Gikomba. Tumepakana ukuta na Mzee Mutiso tangu watoto wetu wakiwa na meno ya maziwa.

Siku ya kwanza tulirudi na picha nzuri zisizofaa. Redio ya kibanda cha pili ilikuwa imeimba mwanzo hadi mwisho, wimbo wa watu, juu ya kila neno la mzee.

"Aki, tukitoa hiyo ngoma, sauti ya Mzee Mutiso pia inaenda," Halima akaniambia. "Sasa tutado nini?"

"Tunarudi. Wimbo wa wenyewe haupiti hapa."

Tukarudi. Nikamwomba seremala wa kibanda cha pili azime redio.

"Unataka tufanye kazi kimya kama tuko matangani?" akauliza, lakini akazima.

Katika kimya kile Mzee Mutiso akaanza kuimba mwenyewe, kwa Kikamba, polepole, akifuatisha mwendo wa msasa wake kwenye mti. Wimbo ule niliujua. Kwa miaka nilikuwa nausikia ukipita ukutani jioni, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi.

Halima akanitazama. "Na huu?"

"Huo hauna shida. Ni wa jadi."

Kwa hiyo mwishoni mwa filamu nikaandika kwa mkono wangu, Hakimu mzima: *Wimbo wa jadi. Mtunzi hajulikani.*

Tulimwalika mzee kuitazama katika bwalo la shule. Alikuja na koti lake la kanisani. Wanafunzi walishangilia. Maandishi ya mwisho yalipopita, alimwinamia Halima, akamwomba amsomee tena mstari ule. Halima akasoma. Mzee akachukua kofia yake, akatoka.

Jioni nilipiga hodi kwake. Alinimiminia chai.

"Ule wimbo nilimtungia Mama Ndunge," akasema. "Akiwa mgonjwa hapo kitandani. Alikuwa akiniambia, ongeza kidogo, nami naongeza."

Mama Ndunge alikuwa mkewe. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimwogesha, na mimi nilishika jeneza lake upande wa kushoto. Wimbo ulianza mwaka ule ule. Ningalijiuliza swali moja kati ya yale niliyowauliza watoto wa watu, ningalijua.

"Nitautoa, Mzee Mutiso."

"Ukiutoa, filamu inabaki?"

"Haibaki. Sauti yako yote iko ndani ya wimbo huo."

"Na huyo msichana?"

Nikamweleza alichosema mamake kuhusu kamera. Akaniambia niende nyumbani, atanijibu asubuhi. Nilikwenda, na ukuta ulikuwa kimya.

Asubuhi alinisubiri mlangoni. "Kwa filamu hiyo tu. Usiuchomoe ukaupeleka kwingine. Na jina la Mama Ndunge litangulie langu." Nikaandika vile vile alivyosema, akatia sahihi, na Halima akabadilisha maandishi. Filamu haikushinda. Lakini ilionyeshwa tamashani, mamake Halima akaridhika, na kamera msichana bado anayo.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ya kwanza. Walimu vijana hunitumia vitabu vizima kwenye simu, eti ni vya kufundishia tu. Nawarudishia swali la Mkutubi, kisha naongeza langu: umemuuliza nani? Kwa sababu sheria nilikuwa naijua. Kilichonishinda ni kufikiri kwamba mwenyewe lazima awe mtu wa mbali, mwenye jina kwenye jalada.

Juzi mwalimu mmoja alikuja kunishauri jambo, akaniaga kwa heshima nyingi, akiniita mtaalamu wa hakimiliki. Mzee Mutiso alikuwa ameketi nje ya mlango wake akipiga kigoda msasa. Alingoja mgeni afike getini, kisha akasema bila kuinua uso:

"Mtaalamu gani wewe, Baba Shiro? Mtu mmepakana ukuta miaka yote hii, ukaandika hajulikani."